Siku Gael aliniomba niangalie conflit

Bandugu, mi nililia mbele ya ordinateur, kompyuta yangu. Si juu ya courant ya umeme kukatika, ile tulishaizoea. Nililia juu ya mistari mbili tu.

Na aliyenituma niisome ni mutu mwenye nilikuwa nataka kuolewa naye.

Acha nibaelezee muzuri.

Mi niko Mbombo, wa hapa Dilala, Kolwezi, mu zile nyumba za zamani za kampuni. Kazi yangu ni kuandika code. Batu ba quartier, ba mutaa yetu, banafikiri mi natengenezaga téléphone. Kila siku mutu ananiletea écran yenye kupasuka. Nimechoka kueleza.

Gael naye ni programmeur. Tulikutana ku kazi. Akanichokoza, nikamutukana, tukapendana. Ni vile tu.

Mi namupita miaka mbili, na ye hakuachaga kunichekelea. "Yaya, niletee maji."

Yaya, ni kusema dada mukubwa. Mi nilikuwa nakasirika kabisa.

"Uniite yaya tena, utaoa ordinateur yako!"

Tulikuwa tunatengeneza application moja, tukaiita Jamaa. Juu batu ba kwetu balitawanyika sana. Wakati ule, babu zetu bakiwa vijana, ba Kasai kama sisi balifukuzwa huku Katanga, bengine balipanda train ya kurudi Kasai, bengine balibakia, bengine balijificha. Sasa mutu anaingiza majina ya babu zake, application inatafuta fasi gani majina inakutana.

Kila mutu kati yetu alikuwa na branche yake, ni kusema nakala yake ya kazi. Unaandika kule bila kusumbua mwenzako, kisha munaunganisha. Lakini mbele ya kuunganisha, unaangalia kama mulibadilisha fasi moja, kila mutu kwa namna yake. Ile ndiyo conflit. Usipoangalia, kazi ya mumoja inaweza kufuta ya mwingine.

Mi naangaliaga kila mara. Gael? Jamais!

"Unganisha tu," alikuwa anasema. "Tutaona mbele."

Mama yoo, tuligombana juu ya ile neno!

Kwa kujaribu application, tulipatana kila mutu aingize jamaa yake mwenyewe. Mi niliuliza babu yangu, Tata Kabongo, tunaishi naye. Akaniambia baba yake aliitwa Kabasele Mushiya, alitumika ku train kule Lubudi. Alizaa batoto bawili: Kabongo na mudogo yake.

"Na mudogo yako iko wapi, Tata?"

"Alipotea siku ile tulipanda train. Niliporudi huku nilimutafuta. Nilimutafuta mpaka nikachoka."

Kila mara akifika pale, anaomba chai.

Gael naye alisema batu bake ni ba Musumba, mbali kule Kapanga, fasi ya ufalme ya zamani, si batu ba Kasai. Mi nilikubali tu. Mutu akikuambia kwao ni Musumba, utabishana naye?

Dot yetu, siku ya kutoa mahari, ilikuwa inakaribia. Mbuzi ya mama, ile yenye bwana harusi anatoaga kwa mama ya bibi harusi, ilikuwa imeshafungwa mu kiwanja yetu. Mama yangu, Mama Adolphine, alikuwa anaitukana asubuhi na mangaribi.

"Mbuzi gani hii! Imemaliza mboga yangu ya lengalenga yote! Gael alipe dot mara mbili!"

Alikuwa anasema vile na furaha mu macho.

Basi Gael akaenda Musumba kualika babu yake, Tata Kabemba, akuje ku dot. Na amuulize majina ya bazee, juu ya application. Barabara ya kule ni mbaya, unaijua. Akakaa kule siku mingi, mi nikangoja.

Aliporudi, hakufika kwetu. Alipiga téléphone.

"Mbombo, nimetuma branche yangu."

"Karibu! Unakuja kula? Mama amepika bukari."

"Non. Mbombo... angalia conflit mbele ya kuunganisha."

Mi nikapasuka na kicheko. "Weye, Gael? Barabara ya Musumba imekutikisa kichwa!"

Hakucheka.

"Angalia muzuri. Tafazali."

Akakata. Nikajisemea, aah, ni woga ya ndoa, itapita. Nikafungua ordinateur. Mbuzi ilikuwa inalia inje, Mama anaigombeza.

Conflit ilikuwa moja tu.

Kila mutu wa zamani, application inamupa fiche, kadi yake, na fiche inaitwa kwa jina yake, fasi yake na kazi yake. Sisi bawili, kila mutu mu branche yake, tulikuwa tumetengeneza fiche moja ileile: Kabasele Mushiya, Lubudi, train.

Ku upande yangu: "Batoto: Kabongo. Mudogo yake, alipotea."

Ku upande ya Gael: "Batoto: Kabongo, alipanda train. Mudogo yake, alibakia, akakimbilia Musumba, akageuza jina. Anaitwa Kabemba."

Nilisoma. Nikasoma tena. Nikaanza kulia.

Eh Mungu, hapana. Hapana!

Kwetu, bajukuu ba bandugu ni bandugu. Gael ni mudogo yangu kabisa. Kuoana ni mwiko, na hakuna mutu anaweza kuondoa ile, padiri wala nani.

Sasa sikia. Mu conflit, ordinateur inakuuliza: nibakishe upande gani? Ningechagua yangu, ya Gael ingefutika. Tata Kabemba angebakia mutu wa Musumba, tungesema njia ni mbali kwake, asifike ku dot, na mi ningevaa pagne yangu ya dot. Nani angejua?

Kidole yangu ilikuwa tayari. Nasema kweli, ilikuwa tayari.

Pale ndipo Tata Kabongo aliita ku mulango. "Mbombo, chai yangu iko wapi?"

Muzee alitafuta mudogo yake mpaka akachoka. Na mi nimufute juu nataka bwana?

Nilibakisha pande zote mbili. Nikaunganisha. Kisha nikatoka inje, nikapiga magoti mbele yake.

"Tata, mudogo yako iko muzima. Ndiye babu ya Gael."

Alirusha mikono juu, akaita jina ya mudogo yake, ile ya zamani. Kisha akashusha mikono. Akaangalia mbuzi. Akaniangalia. Machozi ikaanza kumutoka, na mi sijui mpaka leo alikuwa analia mudogo yake ao mi.

Nikapigia Gael.

"Ulijua!"

"Nilijua kule Musumba. Muzee alinielezea yote, hakuna mutu alishamuulizaga. Njia muzima nilitafuta namna ya kukuambia."

"Sasa kinywa yako ilikuwa na nini?"

"Ilikataa, Mbombo. Lakini nilijua weye hauunganishi bila kuangalia. Nikasema, akitaka kufuta upande yangu, afute. Nitanyamaza, nitamuoa."

"Ukaniachia mi peke yangu nichague? Weye ni mwoga, Gael!"

"Ndiyo. Niko mwoga."

Tulilia mpaka unités ya téléphone ikaisha.

Tata Kabemba alikuja, akashuka mu camion na vumbi ku kichwa. Bazee bawili balikamatana mu kiwanja, banacheka, banapigana mabega, unaweza kusema batoto ba masomo. Mama akachinja ile mbuzi. Haikuwa tena ya dot, ilikuwa ya kupokea ndugu. Batu baliimba, balikula, balishukuru Mungu.

Mi nilikaa ku kona na njaa yangu, sikuweza kumeza.

Gael akaniletea sahani. Hakuinua macho.

"Yaya," akasema. "Kula."

Ile siku hakuwa ananichokoza.

Bandugu ba code, muangalie conflit mbele ya kuunganisha, na muangalie mapema, musingoje branches zikae mbali miezi na miezi. Na weye mwenye uko unapenda mutu, muulize siku ya kwanza: babu yako ni nani, alitoka wapi? Mi niliangalia code yetu kila asubuhi. Gael nilimuuliza kama anapenda samaki ao nyama, kama anataka batoto bangapi. Jina ya babu yake ya zamani, sikumuuliza.

Application inatumika muzuri sana. Jamaa ya kwanza yenye ilikutanisha ni ya kwetu.