Mwenyekiti na Chemchemi Asiyoijua

Nianze kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu, aliyenipa umri wa kuzeeka na moyo wa kujicheka, maana wapo wanaopatwa na aibu wakaificha mpaka kaburini, lakini mimi amenijalia niisimulie mwenyewe nikiwa nimeketi na chai mkononi. Na aibu hii ni yangu kabisa, sitamsingizia shetani (ingawa siku ile nilijaribu).

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimestaafu ukatekista kule Asumbi na kurudi nyumbani Uriri, na kwa kuwa mzee anayejua kuomba hakosi kazi, wakanichagua mwenyekiti wa bodi ya shirika letu dogo la wajane, lililokuwa likijengea chemchemi kwa saruji ili watu wasinywe maji pamoja na ng'ombe. Mimi nilidhani kazi ya mwenyekiti ni kufungua mkutano kwa sala, kuufunga kwa sala, na katikati kuuliza, "Nani anaunga mkono?" Kazi hiyo niliifanya vizuri sana. Chemchemi ya kwanza ilipokamilika, bodi ilitakiwa kwenda kuikagua kabla ya kuipokea kutoka kwa fundi, lakini siku hiyo mvua ilinyesha, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vipya alivyoniletea mwanangu Ochieng' kutoka Nairobi, basi nikawaambia wenzangu, "Nendeni tu, mimi nawaamini." Wakaenda, wakarudi na matope mpaka magotini, na katika mkutano uliofuata nikatangaza kwa sauti nzito, "Bodi imeona na imeridhika."

Sasa wafadhili wakatuma ujumbe kwamba watakuja kuiona kazi hiyo, na wakiridhika watatusaidia kujenga chemchemi ya pili, ile ya karibu na zahanati. Hilo halikuwa jambo dogo. Akina mama waliokwenda kujifungua pale zahanati walitakiwa waje na maji yao wenyewe, na aliyeshikwa na uchungu ghafla bila ndugu wa kumbebea ndoo, Mungu ndiye alijua.

Katibu wetu, Mwalimu Perpetua, akatangulia chemchemini kuwapanga akina mama na nyimbo zao, mimi nikaachwa niwapokee wageni sokoni na kuwaonyesha njia. Aliniuliza, "Mwenyekiti, njia unaijua?"

"Perpetua," nikamjibu, "njia ya chemchemi ninayoisimamia, nisiijue?"

Mgeni mkuu alikuwa Bi. Nafula, mama mpole mwenye maswali mafupi. Nikaketi mbele kando ya dereva, na kila tulipofika njia panda nilinyoosha mkono upande wowote ulionipendeza, nikimwomba Mungu moyoni anisahihishe. Mara nikamwona mwanamke amebeba ndoo ya maji kichwani, na nikajiona nina akili sana, nikamwambia dereva, "Fuata huko alikotoka." Tukafika kweli kwenye chemchemi. Ilikuwa nzuri ajabu, ukuta wa saruji, bomba safi, ngazi za mawe, hata ua wa kuzuia mifugo, na mimi nikashangaa kimoyomoyo jinsi bodi yangu ilivyo hodari. Perpetua sikumwona, lakini nikajiambia amechelewa (mtu mwenye makosa huona makosa ya wenzake upesi).

Wanawake waliokuwa wakiteka maji wakatuamkia, wakasimama kando. Nikapanda kwenye ngazi, nikahutubu. Nikaeleza tulivyoteseka kubeba mawe, nikasema kila mfuko wa saruji ulipita mbele ya macho yangu, halafu nikavua kofia tuombe. Na kwetu mzee akianza kuomba hakuna anayemkatiza, hata nyumba ikiungua watasubiri amina. Nikaomba kwa kirefu. Katikati ya sala nikasikia vigelegele, nikadhani Roho amewashukia, nikaongeza shukrani nyingine kwa ajili ya bodi.

Nilipofumbua macho, mbele yangu alisimama Mama Dorsila, mama mzazi wa mke wa Ochieng'.

Hapo ni lazima nieleze. Tulikuwa tumeonana mara moja tu, siku ya harusi kanisani Oyugis, na ziara yangu ya kwanza nyumbani kwao ilikuwa bado inapangwa na wazee wa pande zote mbili, kwa sababu mtu haingii kwa wakwe zake kama anayeingia sokoni. Nami nilikuwa nimeingia bila mzee wa kunisindikiza, mikono mitupu, na gari la watu nisiowafahamu.

"Baba Ochieng'," akasema, "mbona hukutuma neno?"

"Mama, tulikuwa tunapita tu."

"Mkwe hapiti. Mkwe anakuja."

Bi. Nafula akauliza, "Kumbe mnajuana?"

"Huyu ni mkwe wetu," Mama Dorsila akajibu kwa heshima kubwa. "Ila sikujua ndiye aliyejenga chemchemi hii. Mimi nilidhani ni marehemu mume wangu."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Bi. Nafula akanigeukia taratibu. "Mwenyekiti, chemchemi yenu iko wapi?"

Nikatafuta uongo, nikaukosa. Nikawafikiria akina mama wa zahanati, nikaona sala yangu inakwenda kuwakosesha maji. "Madam, sijui," nikasema. "Sijawahi kufika. Wenzangu waliikagua, mimi nilibaki nyumbani. Kosa ni langu, usiwahukumu wajane kwa ajili yangu. Nenda uione."

Akageukia gari. "Basi twende."

"Hakuna anayekwenda," akasema Mama Dorsila. "Kuku amekwisha kuchinjwa."

Kuondoka kwa wakwe bila kula ni matusi, na kubaki ni kuwaacha wajane wakiimba peke yao juani. Aliyetuokoa ni shemeji yake, mzee mmoja mwenye mdomo mkali. "Wageni waende, mama mmoja hapa atawaonyesha, ni ng'ambo tu ya kilima. Lakini huyu mwenyekiti tuachieni. Tutamlinda asije akaombea na zizi letu."

Gari likaondoka. Nikaketishwa peke yangu mbele ya chakula cha watu wengi, ukoo mzima ukinitazama. Nilipoombwa kuombea chakula, yule mzee akainua mkono. "Ngoja kwanza. Jaduong', mzee wetu, una uhakika kuku huyu ni wetu?" Hapo ndipo walipocheka, na Mama Dorsila akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso, nami nikapewa firigisi kama mkwe halali.

Jioni gari likarudi na Perpetua ndani, amenuna. Bi. Nafula akasema, "Chemchemi yenu ni nzuri, Mwenyekiti. Ungeipenda. Ya pili tutawasaidia, lakini kila mjumbe wa bodi aione ikijengwa tangu siku ya kwanza, na wewe utangulie."

Katika mkutano uliofuata nikaomba kujiuzulu. Perpetua akakataa. "Ukijiuzulu, Mzee, nani ataingia matopeni? Kesho fundi anaanza kuchimba, saa moja asubuhi uwe pale."

Nilikuwa pale. Nilisimama kwenye tope siku nyingi, nikauliza maswali mengi mpaka fundi akachoka nami, na nikaona kwa macho yangu maji yakitoka kwenye bomba, na mama mmoja mjamzito akiinama kunawa uso. Tangu siku hizo sijasema "tumeona" pale nisipofika. Hata nikialikwa kubariki nyumba mpya, naomba kwanza nizungushwe vyumba vyote, na jikoni pia.

Nawe unayesoma, Bwana akujalie miguu inayofika kabla ya ulimi, akubariki kazini na nyumbani, na penye aibu yako akuwekee watu wa kucheka nawe. Amina.