Glasi ya Marakuja

Jirani yangu aliniletea glasi ya maji ya marakuja, yaani pasheni, Alhamisi moja, kama saa tisa mchana. Tulikuwa na wiki tatu bila kusalimiana. Mimi huanika ndagala, dagaa wa ziwani, uani kwangu, hapa Rumonge, na yeye alichoka na harufu iliyokuwa ikiingia kwenye nguo zake alizoanika kambani. Tulirushiana maneno mabaya.

"Pokea, mama. Iko ya baridi," alisema.

Kwetu sisi tuliotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kivu, Kongo, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako kuonyesha hakina sumu. Yeye hakuonja. Alisimama tu akiniangalia. Niliona haya kukataa, nikanywa yote.

"Murakoze," nikamshukuru kwa Kirundi. Akachukua glasi, akaenda kuiosha bombani papo hapo. Hilo la kuosha ndilo lililonimaliza, kama mtu anayefuta ushahidi.

Hazikupita dakika kumi, bado nimekaa palepale uani. Moyo ulianza kunienda mbio, mdomo ukakauka, mikono ikawa baridi katika jua lile kali. Vidole vilipokufa ganzi, nikajua: amenipa sumu. Nilitembea mpaka kituo cha afya nikijishikiza kwenye kuta za watu.

Muuguzi, mwanamke wa makamo, alinipima presha, akanitazama macho, akaninusa hata mdomo. Akaniambia nipumue polepole pamoja naye. Tulikaa hivyo mpaka vidole vikarudi.

"Mama, sioni sumu hapa," alisema. "Umeogopa. Ukahema mbio mbio, ndiyo maana vidole vikafa ganzi. Mwili ulijiandaa kukimbia, na wewe ulikuwa umekaa."

Sikumwamini. Nani angejua, labda yeye na jirani wanafahamiana. Nilibaki kwenye benchi lake mpaka jua likazama, nikingojea kufa.

Niliporudi, adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Jirani alikuwa mlangoni kwake, tende mkononi, anafungua saumu. Miaka yote nilijua kwamba hufunga Alhamisi. Mchana ule sikukumbuka; kumbe ndiyo maana hakuonja.

"Wameniambia ulienda kwa muuguzi. Iko nini?"

"Malaria," nikasema.

"Malaria ya mara moja hivyo?"

Niliitazama ile tende. Yeye akaingia ndani na kufunga mlango taratibu. Sasa tunasalimiana vizuri kila asubuhi. Lakini hajaniletea tena kitu cha kunywa, na mimi sijathubutu kumpelekea.