Sifuri kwenye Kadi

Pale ofisini wanamwita Mama Kadi, ingawa hana mtoto. Shirika lao linaendesha tovuti ya kuwatafutia wagonjwa wachangiaji wa damu. Kazi yake ni ile picha ndogo inayotokea mtu anapobandika kiungo cha mgonjwa kwenye kundi la simu: jina, hospitali na, kwa tarakimu nene, idadi ya chupa zilizobaki kupatikana. Picha hizo hazichorwi na mtu. Seva, kompyuta inayoendesha tovuti, inaichukua kadi ileile iliyo kwenye ukurasa wa mgonjwa, inaipiga picha na kuituma. Yeye ndiye aliyeifundisha.

Jumatatu alifungua ukurasa wa kaka yake, kama anavyofungua wa mtu yeyote. Uvimbe tumboni, upasuaji Alhamisi, chupa sita. Hospitali ilisema wazi: zisipotimia Jumatano saa kumi jioni, nafasi inakwenda kwa mgonjwa mwingine, na yake itarudi baada ya wiki tano. Daktari hakusema kama uvimbe ungesubiri. Hakuna aliyemuuliza.

Mama Kadi mwenyewe alipimwa akakataliwa. Damu yake haitoshi hata yeye. Akatuma kiungo kwenye kundi la ukoo, la majirani na la waliosoma na kaka yake. Watu zaidi ya mia tatu. Kufikia Jumatano saa nne asubuhi alikuwa amekuja mmoja, fundi viatu wa mtaani kwao.

Mke wa kaka yake alipiga simu kutoka wodini.

"Wifi, watu wako wametususa?"

"Watakuja."

"Hata jana ulisema watakuja."

"Na leo nasema."

Hakuwa na wasiwasi, au alikuwa nao mahali asipopafikia. Tangu Jumatatu alikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, ni wako, lakini hauna habari. Alikula kwa sababu saa ya kula ilifika.

Akampigia binamu yake, Bonge.

"Uko wapi?"

"Kazini, dada. Kwani vipi?"

"Mbona hujaenda kutoa damu?"

"Si mlishamaliza? Kadi yenu imeandika zimebaki sifuri. Nikashukuru, maana mimi na sindano hatupikiki chungu kimoja. Nikawapigia na makofi kwenye kundi."

"Nitumie hiyo uliyoiona."

Picha ikaja. Jina sahihi, hospitali sahihi, na sifuri nene ya kijani. Kwenye kompyuta yake, ukurasa uleule ulisema tano.

Alielewa kabla hajaiweka simu chini. Kwenye simu ya msomaji, kadi hufunguka kwanza, ikaenda kuuliza namba, kisha ikaiandika. Seva mpya waliyohamia wiki mbili nyuma haikusubiri. Ilipiga picha papo hapo. Na pale ambapo namba haijafika, kadi huweka sifuri. Sifuri hiyo aliiweka yeye, kwa sababu mkuu wake alichukizwa na nafasi tupu. Tangu wahame alikuwa akikagua kurasa. Picha hakuwahi kuzitazama.

Akaiamuru seva isipige picha mpaka namba ifike. Kazi ya dakika ishirini. Lakini picha ambayo kundi limeshaipokea haibadiliki, kwa hiyo akaongeza herufi chache mwishoni mwa kiungo ili simu zikione kuwa kipya, akakituma tena: "Zimebaki TANO. Ile sifuri ni kosa. Mwisho saa kumi leo."

"Haya, naja kuchomwa," akajibu Bonge.

Kabla ya kuondoka alitafuta kwenye seva ni wagonjwa wangapi walitangazwa kwa sifuri katika wiki hizo mbili. Arobaini na mmoja, ukimtoa kaka yake. Akamwonyesha mkuu wake.

"Umesharekebisha?"

"Ndiyo."

"Basi yamekwisha. Tusianze kujitangaza."

Akaichapa orodha, akaikunja, akaenda hospitali.

Majirani wawili walikuja, wakaja pia wawili waliosoma na kaka. Bonge alilala kitandani saa kumi kasoro robo, uso ameugeuzia ukutani, akimuuliza muuguzi kama wana sindano za watoto. Chupa ya sita ikaandikwa. Upasuaji ukabaki palepale.

Wifi yake alikuwa analia na kucheka kwenye benchi la korido. Yeye alisimama mbele yake, mikono ikining'inia.

"Imekuwaje waje wote leo?"

"Kadi yangu iliwaambia wasije. Niliitengeneza vibaya."

Wifi akajifuta uso kwa kanga. "Ya kaka yako peke yake?"

"Na wengine arobaini na mmoja."

"Wanajua?"

"Bado."

Wifi akauondoa mkoba wake kwenye benchi. "Kaa. Anza kuwapigia."

Akakaa, akaikunjua orodha. Wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka sita, upasuaji Ijumaa iliyopita, chupa nne, waliokuja hakuna. Chini yake, namba ya baba.

Akaibonyeza kwenye simu yake. Alisubiri ahisi kitu. Simu ikaanza kuita.