Gauni la Pindo Jekundu

Mtaani walimwita Fundi, na jina hilo lilimkaa kuliko alilopewa na wazazi wake. Alishonea sebuleni, cherehani ikitazama dirisha, na shule zilipokaribia kufunguliwa sare zilirundikana mpaka wageni wakakosa pa kukaa. Mwanawe alikuwa mmoja tu, binti wa darasa la tano aliyeitwa Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Baba mtu alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, kwa hiyo jioni nyingi mezani walikuwa wawili, mmoja akisimulia, mwingine akicheka.

Shuleni kwa Chiriku kulikuwa na watoto wa watu waliohamia kutoka mbali, na wenzao walikuwa wakiwaigiza wanavyoongea na kuwacheka. Mwalimu wa darasa hakuchapa mtu wala hakuhubiri. Aliwapanga watoto wawili wawili, kila mmoja awe anakwenda kwa mwenzake Jumamosi, aone wanavyoishi, kisha siku ya wazazi asimame aeleze. Sharti lake lilikuwa moja: ukikutana na jambo usilolielewa, usicheke wala usinune. Uliza.

Chiriku alipangwa na binti wa nyumba ya kona, ambaye mama yake alikuwa mwanamke mrefu, mpole, anayetarizi kwa mkono na ambaye lugha ya hapa bado ilikuwa inampiga chenga.

Zamu za kwanza zilikuwa za Chiriku kwenda, na Jumamosi ya kwanza alirudi macho yanang'aa.

"Mama, kwao wakila hawaongei! Wanakipa chakula heshima yake kwanza, maneno baadaye."

"Haya, vizuri," alisema Fundi.

Jioni ile mtoto alikula kimya. Fundi alingoja masimulizi mpaka sahani zikabaki tupu.

"Unaumwa?"

"Hapana, mama. Najaribu kujua inavyokuwa."

Basi ikawa hivyo. Mama wa nyumba ya kona anakunja nguo hivi, anacheka vile, anamsikiliza mtu bila kumkatiza. Siku moja Chiriku akarudi na neno la kwao lenye maana ya mama, na kumbe ndilo alilokuwa akimwitia yule mwanamke. Fundi alirudi kwenye cherehani yake.

"Wifi," alisema dada wa mumewe, aliyekuwa amekuja kuchukua sketi yake, "umepeleka mtoto shule, utarudishiwa mgeni."

"Acha utani wako."

"Utani? Shauri yako."

Fundi alicheka, lakini maneno yale yalimwingia. Akaanza kwenda dukani kwa njia ndefu ili apite nyumba ya kona. Aliona mapazia yaliyotariziwa, akasikia vicheko, na cha binti yake akakitambua katikati yao. Wateja wakisifu tarizi za yule mama, yeye alisema, "Kutarizi kwa mkono ni kazi ya mtu asiye na kazi." Hakupenda sauti yake aliposema hivyo, lakini alirudia.

Siku ya wazazi ilipokaribia, Chiriku alileta gauni la buluu. Kwenye pindo majani mekundu yalizunguka yakifuatana kama watoto kwenye mstari.

"Nani kakushonea?"

Chiriku alilitaja lile neno.

Mtoto wa fundi, kushonewa na jirani! Fundi alisema, "Zuri," akaingia jikoni, akamimina maji ambayo hakuyanywa.

Kesho yake, mtoto akiwa shuleni, alilitoa gauni kabatini na kulitafutia kasoro mshono kwa mshono. Hakuona hata moja. Hapo ndipo aliposhika mkasi. Alikusudia kukata uzi mahali pamoja tu, pindo lilegee kidogo, halafu alirekebishe yeye, mtoto ajue wa kumtegemea ni nani. Lakini uzi ulipokatika ulikimbia: jani likafumuka, likalifuata jingine, na jingine. Akaliweka gauni kwenye cherehani. Kitambaa kikajikunja kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Bado alikuwa ameinama hapo Chiriku alipoingia.

Mtoto alitazama mkasi, akatazama pindo. Akaweka mkoba chini, akakaa.

"Mama, sielewi. Kwa hiyo nauliza. Kwa nini?"

Panya walikuwepo mle ndani, angeweza kuwasingizia.

"Wivu," alisema Fundi. "Nimemwonea wivu yule mama. Na wewe, mbona hukuniambia nikushonee?"

"Nilikuambia. Ukasema una sare za watu. Nikakuambia tena, ukasema nisikuzibie mwanga."

Fundi alikumbuka. Kinyozi hajinyoi.

"Lakini kukata ni vibaya," alisema Chiriku, na sasa ndipo alipolia.

Jioni ile walikwenda nyumba ya kona. Yule mama aligeuza pindo mara moja tu akajua ni mkasi. Fundi alisema kweli yote, na binti wa nyumba akawa mkalimani. Mwanamke mpole alikasirika. Aliongea kwa muda mrefu, mkono ukipigapiga gauni.

"Mama anasema amekasirika," alisema binti.

"Kasema hayo tu?"

"Mengine siwezi kumwambia mtu mzima."

Kisha yule mama akavuta kigoda na kumkabidhi Fundi sindano. Fundi akashona jani, mwenzake akalifumua. Akashona tena, likafumuliwa tena. Lilipokubaliwa la kwanza, Fundi alipata ujasiri.

"Muulize mama amejifunzia wapi."

"Kwa mama yake. Amebaki kule."

"Na lile neno analoitwa na Chiriku, halimkeri?"

Yule mama alijibu taratibu. Binti yake alitafsiri akiangalia sakafu.

"Anasema mimi nimeliacha. Shuleni walikuwa wakinicheka, nikaanza kumwita mama kama nyinyi. Anasema Chiriku alipolitamka, alikwenda jikoni kulia."

Fundi aliinamia pindo, akaendelea kushona mpaka majani yakatimia.

Siku ya wazazi akina mama wale wawili walikaa benchi moja. Chiriku alieleza habari za nyumba ya kona bila kumwigiza mtu, na aliyecheka aliambiwa aulize kwanza. Watu walipiga makofi. Mtoto aliposhuka alikimbia, gauni likipepea, akamkumbatia kwanza yule mama mrefu, ndipo akamrukia mama yake.

Yule wa nyumba ya kona alikuwa amekaa mwanzo wa benchi, karibu na njia. Ndiyo sababu. Fundi alijiambia hivyo, na walipokuwa wakirudi nyumbani, mkono wa mwanawe ukiwa ndani ya wake, alijiambia tena.