Diski Isiyoitikia Hodi

Miaka ishirini na sita Chomba amekuwa akifungua na kutengeneza mashine, kwanza katika kampuni ya madini iliyomwachisha kazi, kisha katika chumba cha kukodi, katika mtaa wa mji wake unaoitwa Kenya. Hakuwahi kuichukia mashine kama hii ya Mama Émerance.

Mama huyo aliuza maharagwe kwa jumla huko Goma. Mji ulipotekwa na waasi, mwanzoni mwa 2025, alikimbia na kompyuta ndogo ya duka, hadi akafika mji wa Chomba. Katika msongamano wa barabarani bintiye Exaucée, wa miaka tisa, alipotea. Simu alinyang'anywa. Picha za mtoto zilikuwa tu kwenye diski ya nje inayochomekwa kwenye kompyuta hiyo, na ofisi inayotafuta watoto waliopotea ilizitaka kabla ya Ijumaa. Leo Alhamisi.

Diski ilisomeka na kompyuta hiyo peke yake, kwa kuwa ufunguo wa siri wa kuisoma umo humo. Kwingine ilionyesha takataka. Nayo kompyuta kibodi yake ilikuwa imekufa, na ilibakiwa na tundu moja zima la USB. Chomba akachomeka kigawanyaji, ambacho mjini wanakiita multiprise, kama ule ubao wa matundu ya umeme wa nyumbani, ili kibodi ya nje na diski viingie pamoja. Programu ya kuamshia mashine, ile huria ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuibadilisha, ikajibu: kigawanyaji kipo, kibodi ipo. Diski hakuna.

Akabadilisha kigawanyaji mara tatu. Hakuna. Akabadilisha waya. Hakuna. Akaanza kuiweka upya programu, umeme ukakatika katikati, akaanza tena. Hakuna.

"Iko hapa!" aliifokea. "Tangu asubuhi nakuambia iko hapa!"

"Papa Chomba, unagombeza mashine?" Émerance alisema. "Bwana yangu alikuwa anagombeza lori. Haikusikia hata siku moja."

"Mama, hii ni mujinga kuliko lori. Inauliza nani iko, mara moja, halafu inaenda zake."

"Haingoje? Kwetu muntu anapiga hodi, anangoja mwenye nyumba avae kitenge."

Chomba akakitazama tena kigawanyaji. Jina lenyewe lilikuwa limempoteza. Multiprise ya nyumbani haina subira: ukichomeka, umeme upo. Lakini diski hii ya zamani ina sahani inayozunguka, na kwa umeme dhaifu wa siku hizo ilichelewa kuamka. Akaitafuta ile sehemu ya programu inayosema ingoje muda gani baada ya kuipa diski umeme. Sekunde moja. Akaandika kumi.

Kimya. Kwenye sekunde ya saba diski ikakoroma. Programu ikajibu: diski, moja.

"Siku muzima!" Chomba alipiga meza. "Siku muzima kwa sekunde kumi!"

Émerance hakumsikia. Alikuwa ameinama mbele ya picha zilizokwisha kufunguka kwenye skrini, na Chomba alikuwa tayari ameichagua ile ya sikukuu, mtoto akicheka na meno yote nje.

"Hapana hiyo, Papa," alisema. "Weka ile amenuna. Hiyo njo sura mutoto iko nayo sasa."