Ziwa Lilipochafuka Ngumbo

Mchana ule ziwa lilichafuka, na redio yangu pale Ngumbo ikachanganyikiwa. Mimi ni fundi mitambo, mzaliwa wa Singida, na nilikuwa nimetumwa kuunganisha kituo cha afya cha ufukweni na hospitali ya Mbinga kwa redio ya kidijitali. Asubuhi, maji yakiwa yametulia, mambo yalikwenda vizuri. Sasa nesi mkunga alitaka kumwonyesha daktari wa Mbinga picha ya ultrasound ya tumbo la mama aliyeshikwa na uchungu, na picha ilifika imekatikakatika, sauti nayo vipande.

"Mwanangu, kuna nini?" akauliza. "Nimsafirishe kwa milima yote ile?"

"Subiri kidogo, mama."

Sababu niliijua. Mawimbi ya redio yalitufikia moja kwa moja kutoka mnara wa mlimani, kisha yakafika tena, yamechelewa kidogo, baada ya kugonga maji na miamba. Alama moja ilipanda juu ya nyingine. Kipokezi kilikuwa bado kinafuta mwangwi wa asubuhi, wa maji yaliyotulia, na huu wa mawimbi ya ziwa ulikuwa mwangwi mwingine kabisa.

Nikawasha sehemu yake inayojirekebisha yenyewe. Mnara ukatuma alama ambazo kipokezi kinazijua tayari, nasi tukautumia zetu ili nao ujirekebishe vivyo hivyo. Kipokezi changu kikalinganisha kilichofika na kilichopaswa kufika, kikapunguza kosa, kikalinganisha tena.

Kwenye kioo cha kompyuta vidoa, kila kimoja alama iliyopokelewa, vilikuwa vimetapakaa kama mahindi yaliyomwagika. Vikaanza kusogea. Vikajikusanya, mafungu manne, moja kwa kila aina ya alama, safi!

"Yameshika!" nikapiga kelele.

"Mnanisikia?" Sauti ya daktari ilijaa chumbani.

"Tunakusikia, Daktari!" Mkunga alikuwa ameshanishika bega.

"Picha nimeiona. Mtoto ametanguliza kichwa, kondo liko mahali pake. Azalie hapohapo."

Mkunga akakimbilia kwa mgonjwa wake. Mimi nilibaki nikikodolea kioo. Upepo ulipozidi mafungu yalitikisika, kipokezi kikayafuata na kuyarudisha, na mimi nikacheka peke yangu kila mara.

Jua halijazama tukasikia kilio. Mtoto wa kike! Nilienda mbio. Nje ya mlango bibi yake aliniuliza jambo kwa Kinyasa, nami sikuelewa.

"Anauliza wewe ni ndugu yao wa upande gani," mkunga akatafsiri.

"Mwambie mimi ni fundi wa redio tu."

Alipoelezwa, bibi akapiga kigelegele, akanikabidhi samaki mbasa mkubwa aliyefungwa kwenye jani la mgomba.