Niliandika Jina la Kijana Aliyevuka Mpaka

Mhariri, jina langu usilitoe, hata herufi ya kwanza usiiweke. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na minne, nina mke na watoto watatu, fundi cherehani hapa Tunduma. Zamani nilikuwa utingo wa malori. Ndola nimelala, Lusaka nimecheza dansi mpaka soli ikang'oka, na Kibemba naongea mpaka Wabemba wananiuliza kwetu ni kijiji gani. Shule niliishia darasa la nne, lakini mwandiko wangu unampita karani wa kijiji. Msidhani najisifu. Mwandiko huo ndio unaoniua.

Hapa kwetu kuna kundi la vijana wanaoshinda stendi na suruali zao za bugaluu, zile pana chini. Nimewashonea mimi mwenyewe, na kwa bugaluu hakuna fundi wa kunigusa kutoka hapa hadi Mbeya. Wanawavizia wakulima wanaoshuka mjini na kuwapiga kwa minyororo ya baiskeli. Juzijuzi walimvunja mkono mzee mmoja wa kijiji cha Hasamba aliyekuja kutafuta sabuni na chumvi, wakaondoka na baiskeli yake.

Barazani kwangu ubishi ukawa ndio huo kila siku. Mzee Salumu, jirani yangu mwenye duka, alikuwa anasema, "Polisi wanawajua hao watoto. Wanakula nao sahani moja."

Mama muuza maandazi akawa anamjibu, "Sahani ipi, mzee wangu? Polisi wenyewe wanne, gari halina petroli. Unataka wawakimbize kwa magoti?"

"Basi watuachie sisi na mgambo."

"Wewe na hilo tumbo? Utamkamata nani, labda mimi na beseni langu!"

Tulicheka. Mimi nikatamba kwamba wakinisogelea nitawashona midomo kwa uzi wa gunia. Kumbe maneno ya Mzee Salumu yalikuwa yameniingia.

Mkuu wa polisi akaitisha mkutano wa hadhara. Akasema kila mtu aandike kwenye karatasi jina la anayemshuku, atumbukize kwenye sanduku, kwa siri. Sasa wazee wengi wa mtaa wetu hawajui kuandika. Balozi wetu wa nyumba kumi akanionyesha kidole: "Fundi yupo, atawaandikia." Nami nikachomoa kalamu sikioni kama daktari. Wakaja mmoja mmoja wakininong'oneza. Watu tisa, jina moja. Walimtaja kiongozi wa kundi, ambaye hapa nitamwita Bugaluu.

Bugaluu alikuwepo, amesimama hatua chache kutoka kwangu, amekunja mikono, ananitazama. Mwandiko wangu anaujua, maana kila kitambaa cha mteja nakiandika jina kwa chaki. Nikawaza, kama kweli wanakula sahani moja, karatasi hizi atazisoma kabla jua halijazama. Wasomaji, mimi niliyelala Ndola, niliinamisha uso kwenye karatasi.

Sisi watu wa mpakani tuna mazoea. Likitokea jambo baya tunalitupia kwa mtu aliyekwisha kuvuka. Mwenyewe hayupo kusikia, na hakuna anayeumia. Kulikuwa na kijana wa kijiji cha Mpemba, nimwite Yohana, aliyewahi kutembea na kundi lile kabla hajaenda kufanya kazi Kitwe, Zambia. Ilisemekana ameoa hukohuko na harudi tena. Nikaandika Yohana. Karatasi zote tisa, Yohana.

Wiki ya pili Yohana akarudi. Alikuja kumsalimia mama yake, kamletea blanketi. Mama alikwenda mpakani kumpokea, na walimkamata mbele ya macho yake, blanketi likiwa bado begani. Polisi akamwambia, "Watu tisa wamekutaja, kijana. Tisa wote waongo?"

Tangu siku hiyo sili nikashiba. Bibi mmoja kati ya wale tisa alisimama hapa barazani akaniuliza polepole, "Mwanangu, mimi nilikutajia nani?"

Nikamwambia, "Bibi, kura ni siri." Akaondoka bila kuaga. Sasa wale wazee wakipita hapa wanaangalia upande wa pili.

Kisha akaja Bugaluu mwenyewe. Aliweka kitambaa juu ya cherehani, akatabasamu. "Shona taratibu, fundi. Nilikuona ulivyokuwa unaandika. Wewe sasa ni wetu." Nilipokuwa nampima kiuno akaniuliza wanangu wanasoma shule gani, nami nikamtajia.

Nikadhani hofu imefika mwisho. Akaja Mama Yohana. Anapeleka chakula kituoni kila siku, kwa miguu kutoka Mpemba. Akaniambia, "Baba, wote wananielekeza kwako kwamba unaandika vizuri. Niandikie barua kwa mkuu wa polisi. Mwambie mzee wa Hasamba alipopigwa mwanangu alikuwa Kitwe kazini."

Nikamdanganya kuwa kalamu yangu imeisha wino. Kesho yake akarudi na kalamu mpya. Mjane yule aliniletea kalamu kwa mikono miwili, amepiga goti.

Nikiiandika, mkuu wa polisi ataiweka karibu na zile karatasi tisa, na mwandiko mzuri kama wangu hapa hauna pacha. Nitaingia ndani mimi. Nikisema ukweli wote, Bugaluu anajua nyumba yangu na sasa anajua shule ya wanangu. Nikinyamaza, mtoto wa watu anaozea kule kwa sababu nilidhani hatarudi.

Barua hii nimeisema kwa mdomo, ameiandika mke wangu. Nilimwomba aandike na ile ya Mama Yohana, ili mwandiko uwe mwingine. Amekataa. Amesema, "Hii ya gazeti nitakusaidia. Ile utaiandika wewe, kwa mkono uleule."

Mama Yohana anarudi Jumatatu. Kalamu yake iko hapa juu ya cherehani, sijaigusa. Nishaurini jamani, nifanye nini?